Waliokula Mahindi ya Ghala

Mahindi yale yaliliwa na panya. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kijiji chetu wakisimulia habari zangu huanza kwingine. Huanza na funguo: kwamba funguo za ghala nilikuwa nazo mimi, Mwaisha, na hakuna mwingine aliyeingia. Ni kweli, funguo nilikuwa nazo. Panya hahitaji funguo.

Tulishushwa na serikali kutoka mlimani mwaka wa sabini na nne, tukae kijiji kimoja. Kule juu kila nyumba ilikaa peke yake kwenye mgongo wake wa kilima, na ardhi ilikuwa ya ukoo wa mama. Mume ndiye aliyekuja kwa mke na mkeka wake. Wakikosana, mume alikunja mkeka akarudi kwao, na mwanamke akabaki na migomba yake, watoto wake na kaburi la bibi yake nyuma ya nyumba. Mahindi tuliyaweka kwenye uchaga juu ya meko, yakiwa bado na maganda, moshi ukiyapiga mpaka yakawa meusi kama sufuria. Panya walikuwepo, lakini moshi waliuchukia, na waliothubutu kupanda walikutana na nyoka wa kahawia aliyelala kwenye nyasi za paa. Hakuna aliyemgusa yule nyoka. Sisemi tulikuwa na hekima. Tulikuwa tumezoea tu.

Chini tulipangwa kwa mistari. Kila kiwanja kikapewa mwenye nyumba, na mwenye nyumba, kwa wale waliotupanga, alikuwa mwanamume. Hivyo mume wangu Hatibu, aliyekuja kwetu na mkeka, alilala akiwa mgeni wa ukoo wangu akaamka akiwa mwenye kiwanja. Sikupiga kelele. Nilidhani ni maneno ya ofisini, ambayo yakitoka nje hukauka.

Mahindi nayo yakapangwa. Likawepo shamba la kijiji, na ghala la kijiji lenye kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati. Halikuwa na meko wala moshi. Katibu wa kijiji, Laurenti, alikuwa mtu wa kuletwa, mwenye viatu na suruali iliyonyooshwa, ambaye mlima wetu aliuona kwa macho tu. Alitaka mtu wa kushika funguo. Wanaume wakasema apewe mwanamke, maana mwanamke hauzi mahindi ya watu anywe pombe. Wakanichagua mimi. Nilitembea na zile funguo kiunoni nikijiona mtu.

Kando ya ghala kina mama tulipewa mradi wa kuku wa kisasa, weupe, wasiojua hata kukimbia. Kila asubuhi tulikuta manyoya. Nguchiro aliingia mchana, kicheche aliingia usiku, na kanu, yule mwenye mkia wa pete, alipitia juu. Laurenti akakasirika. Kuku walikuwa wamesifiwa wilayani, na wageni walikuwa waje kuwaona.

Akaagiza msako. Vijana na wazee wakatoka na mbwa, mikuki na marungu. Wakachoma vichaka vyote kuanzia mtoni mpaka mashamba ya juu yanapoanzia, wakaziba mashimo na kufukiza moshi. Nguchiro walitoka wakiwa familia nzima, wakauawa familia nzima. Bundi waliokaa kwenye mwamba waliuawa pia. Hawakuwa wamegusa kuku. Watu walitumia tu nafasi, kwa kuwa bundi hawapendwi. Nyoka hata sitaji. Aliyeongoza alikuwa Dadi, na jioni alirudi na mikia imefungwa kwenye fimbo, ngoma ikilia mbele yake.

Dadi ni mtani wa ukoo wangu. Kwa asiyejua utani wetu: mtani anaweza kukutukana mbele ya mumeo, akachukua kuku wako, akaja msibani kwako akaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unamjibu kwa tusi kubwa kuliko lake. Na mtani haombi radhi. Akiomba radhi, utani umekufa, na utani ukifa hamna wa kuwazika. Kwa hiyo maneno ya mtani hayaaminiki, na wala hayakusudiwi kuaminiwa. Hata mtoto wa kwetu anajua.

Jioni ile Dadi alisimama mbele ya mlango wa ghala, akanielekezea rungu lake.

"Jamani, tumewaua wadogo tumemwacha mkubwa! Nguchiro mwenyewe ni huyu mwenye funguo. Usiku anafunga mahindi kwenye khanga anawapelekea mabwana zake mlimani."

"Na wewe nikuletee nini, mtani?" nikamjibu. "Huna hata jino la kutafunia. Nikutafunie kama kinda?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hatibu naye alicheka. Laurenti peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni na mikono nyuma, ananitazama.

Mwaka ule chakula kilikuwa kigumu nchi nzima. Watu walipanga foleni ya unga wa njano, na mahindi yetu ya ghalani yalikuwa kama roho ya kijiji. Niliyapepeta na wanawake wenzangu na kuyaanika. Miezi ya kwanza nilisikia mkwaruzo mmoja mmoja nyuma ya magunia. Baadaye ukawa kama mvua ndogo inayonyesha ndani ya nyumba. Nilikwenda kwa katibu.

"Ndugu katibu, panya wamezidi."

"Panya kila mahali wapo, mama. Fagia vizuri."

Nikafagia. Nilipogusa gunia la chini lilizama kama mto wa pamba. Ndani kulikuwa na pumba na mavi ya panya. Nikarudi kumwambia. Akasema nitoe yaliyoharibika, nisilete habari za kuwatisha watu.

Siku ya kugawa ilipofika, wakapima kwa debe, na mahindi hayakutosha hata nusu ya nyumba. Watoto walikuwa wamekuja na vikapu.

Laurenti aliita mkutano palepale. Nilieleza habari za panya. Nilileta pumba kwenye ungo nikawaonyesha.

"Panya gani wa kumaliza ghala?" akasema. "Mimi nimekaa kwenye maghala mjini. Panya anakula kiganja. Dadi, simama. Si wewe uliyesema mbele ya watu kwamba huyu mama anapeleka mahindi mlimani usiku?"

Nilishusha pumzi. Nikajua sasa Dadi atamwambia yule mgeni kwamba utani si ushahidi, na mambo yatakwisha kwa kicheko. Wote wa mlimani tuligeuka kumtazama. Dadi aliinuka, akakuna shingo. Alikuwa anaogopa, niliona. Ukimwambia kiongozi "nilikuwa natania," naye ameshalisimamisha neno lako mbele ya mkutano, utaonekana umemchezea. Na radhi mtani haombi. Akafanya alichozoea.

"Nilisema, ndugu katibu," akajibu. "Na mabwana zake wamenenepa."

Wachache walicheka, kisha wakanyamaza ghafla, kama watu waliokanyaga kitu. Laurenti akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. "Mmesikia wenyewe," akasema.

Kijiji kizima kilijua. Ndilo linalonichoma hadi leo. Wazee waliokuwa wamekaa mbele walijua. Wanawake niliopepeta nao walijua. Hapakuwa na mtu wa mlimani aliyeamini yale maneno, na hapakuwa na mtu aliyefungua mdomo, kwa sababu ghala tupu lilihitaji mwenye kosa, na mwenye kosa alikuwa amepatikana.

Nilinyang'anywa funguo. Nyumbani Hatibu alikaa kizingitini akitazama miguu yake.

"Mwaisha, watu wanasema nakula cha wizi."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi kitu. Lakini kiwanja ni changu, na katibu amesema mwizi hakai kwenye mstari."

"Kunja mkeka wako, Hatibu."

"Huku si mlimani," akasema taratibu, wala si kwa ukali. "Huku mkeka unakunja wewe."

Nikakunja. Nilipanda mpaka kipande cha ardhi ya ukoo wangu kilichokuwa karibu kuliko vyote, pale mlima unapoanza, kwenye dungu la kulindia nguruwe. Kukaa pale kulikatazwa, lakini hakuna aliyejisumbua kunishusha. Mwizi akikaa mbali ni afadhali. Nilibeba jembe, chungu, na paka wangu jike, maana alinifuata hata nilipomtupia kijiti.

Nikawa nataka kitu kimoja tu. Nyumba sikuitaka tena, na Hatibu aliyeoa mwingine kabla ya masika nisingempokea. Nilitaka mtu mmoja wa kijiji kile asimame mbele za watu aseme, "Mwaisha hakuiba." Maneno mawili, hata mtoto anaweza kuyasema.

Msimu uliofuata panya waliotoka ghalani waliingia shambani. Watu walipanda leo, kesho yake wakakuta vishimo vimepangwa sawasawa na mstari wa jembe, mbegu zimefukuliwa moja moja. Wakapanda tena, zikafukuliwa tena. Panya walipita mchana ndani ya nyumba wakitazama watu usoni. Walitafuna mpaka visigino vya watoto waliolala. Nikasema moyoni, sasa wameona. Sasa watakuja.

Hawakuja. Laurenti alileta sumu kutoka kwa rafiki yake mjini, unga mweusi unaonuka kama kitunguu saumu, wakachanganya na pumba kwa makadirio wakamwaga kila mahali. Panya walikufa kweli, wakazagaa. Paka wa kijiji wakawala. Ndani ya muda mfupi hapakuwa na paka anayelia kwenye mstari hata mmoja. Kuku weupe nao waliokota ile pumba, na mradi ukaisha. Kipanga waliozoea kuzunguka juu ya uwanja walipungua. Mvua ziliponyesha vizuri nyasi zikaota, na panya walirudi wengi kuliko mwanzo. Wao peke yao ndio waliorudi.

Ndipo alipokuja Patrick, kijana anayesoma kilimo kule mjini, akaletwa na lori pamoja na mitego yake ya bati. Alitaka kutega kijijini na pia mbali na kijiji, alinganishe. Hivyo akafika kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umetumwa kunishusha, chungu kiko motoni, ngoja kiive."

Akacheka. Alisema anatafuta panya.

"Umechelewa," nikamwambia. "Hapa kwangu wapo wachache. Nenda chini, watakupokea katibu mwenyewe na wanawe wenye mikia."

Lakini alitega, na kwa siku kadhaa alikuwa akija asubuhi kutazama. Kwangu mitego ilikaa mitupu zaidi kuliko ya chini, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko kama ingejaa. Nikaona mtu huyu anajua kuuliza, basi na mimi nikamuuliza kwa nini.

Alichukua kijiti akachora kwenye vumbi. Alianza na jua, jambo lililonishangaza, maana nilimuuliza habari za panya.

"Kila kinacholiwa kinaanzia hapa, mama. Jani linakula jua. Muhindi ni jani. Panya anakula muhindi. Nguchiro anakula panya. Kipanga anaweza kumla nguchiro mdogo. Na wakifa wote, wadudu na uozo wanawarudisha kwenye udongo, muhindi unakula tena."

"Kwa hiyo ni mstari," nikasema. "Kama nyumba zetu za chini."

"Ungekuwa mstari ingekuwa rahisi. Tazama." Akachora mikato mingine. "Nguchiro anakula panya, anakula nyoka, anakula mayai, anakula kuku. Nyoka anakula panya. Bundi anakula panya. Kanu anakula panya na matunda. Kila mmoja ameshikana na wengi. Ni wavu."

"Basi Laurenti alimuona nguchiro akishika kuku, hakumuona akishika panya."

"Kuku ana mwenyewe wa kumlilia," akasema. "Panya hana."

Nilimuuliza mbona panya wamerudi na nguchiro hawajarudi. Akasema kula si sawa na kunenepa. Panya akila, sehemu kubwa inaishia kwenye kukimbia na kupata joto. Kidogo tu ndicho kinachobaki kuwa nyama. Kwa hiyo inahitajika mahindi mengi kulisha panya wachache, na panya wengi kulisha nguchiro mmoja. Kila ukipanda juu, wanakuwa wachache na wanazaa polepole. Ukiwaua wa chini na wa juu siku moja, wa chini ndiye anayewahi kurudi, na akirudi hamkuti anayemla.

Hilo la kula bila kunenepa sikuhitaji kuchorewa. Nimelima maisha yangu yote. Najua ugali unakokwenda.

Kisha nikamwambia habari yangu yote, tangu funguo. Alisikiliza akiwa amechuchumaa.

"Panya wa idadi hii wanaweza kumaliza ghala lile," akasema. "Si ajabu hata kidogo."

"Utasema hivyo mkutanoni?"

"Nitasema."

Usiku ule nililala vizuri. Nilifua khanga yangu.

Patrick alisema kweli, simlaumu. Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji, akaeleza msako na sumu bila kumtaja mtu, akaeleza jinsi panya walivyoingia ghalani pasipokuwa na nguchiro, nyoka wala bundi. Alisema waziwazi kwamba mahindi ya mwaka ule yangeweza kuliwa na panya. Watu waliitikia kwa vichwa. Laurenti aliitikia kuliko wote. Patrick alipomaliza, katibu aliongoza makofi, akamshukuru mtaalamu, akasema kuanzia leo ni marufuku kuua nguchiro na bundi, na kila nyumba itafute paka. Akafunga daftari lake.

Nikasimama nyuma kabisa.

"Ndugu katibu, na mimi?"

"Wewe nini, mama?"

"Mtaalamu amesema mahindi yaliliwa na panya. Basi semeni sikuiba."

Watu wakageuka. Laurenti akatabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto. "Mkutano umekubali kwamba panya ni tatizo. Mambo ya zamani tusiyafukue. Tunajenga taifa."

"Dadi," nikaita. "Mtani. Wewe ndiye uliyesema. Wewe sema."

Dadi alikuwa amekaa juu ya jiwe. Nilimuona anatafuta neno, nikaona na midomo inacheza. Nadhani kwa mara ya kwanza maishani alitaka kusema jambo kama lilivyo. Lakini macho ya katibu yalikuwa kwake.

"Ndugu zangu," akasema, "kumbe mabwana zake ni panya!"

Wakacheka. Safari hii walicheka wote, kicheko kirefu cha watu waliofunguliwa mzigo, na mkutano ukaishia hapo. Patrick alinitazama akiwa hajui acheke au afanye nini. Lori lake liliondoka kesho yake.

Dadi alipanda mpaka kwangu baada ya siku chache, akasimama mbali na dungu.

"Mtani, umenuna?"

"Sema nilichokuwa nangoja useme."

"Hapa nimeshasema moyoni."

"Moyoni mwako sikai mimi, Dadi. Nakaa hapa."

Aliondoka, na tangu hapo hatutaniani. Akipita, ananisalimia kwa heshima kama mgeni.

Sasa sikiliza kilichofuata. Agizo la kila nyumba kutafuta paka lilikuwa rahisi kulitoa. Paka walikuwa wamekufa kwa sumu kijiji kizima na vijiji vya jirani vilivyoiga. Wangu peke yake alikuwa hai, kwa sababu tuliishi mbali. Alikuwa akitoweka usiku kwenda juu msituni, na hatimaye akazaa watoto wenye michirizi na miguu mirefu; baba yao bila shaka ni paka pori. Walipoanza kukimbia tu, walianza kuletewa panya wazima na mama yao, wajifunze.

Habari zikashuka. Aliyepanda wa kwanza alikuwa Angelina, mke wa Laurenti, amevaa viatu visivyofaa kwa njia yetu. Alikuwa na kikapu kimefunikwa kitambaa.

"Hodi, dada Mwaisha."

"Karibu. Kaa hapo kwenye gogo."

Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Alisema panya wamemtafunia godoro na mbegu zote za karanga, na mtoto mchanga hawamwachi alale. Aliponyoosha mkono kumgusa paka mmoja, nikamsogeza yule paka kwa mguu.

"Nitakupa, tena uchague mwenyewe," nikasema. "Lakini kwanza sema kwamba sikuiba."

Hakushangaa. Alikunja kitambaa cha kikapu. "Dada, mimi najua hukuiba. Hata yeye anajua. Alijua siku nyingi."

Tangu mwanzo nilikuwa nimefikiri yule mtu ni mjinga, na ujinga ningeweza kuusamehe.

"Basi twende njiani," nikamwambia. "Watu wanarudi kutoka mashambani sasa hivi. Ukasimame uyaseme hayo hayo. Sitaki zaidi."

"Njiani?"

"Njiani. Mimi niliitwa mwizi uwanjani, sikuitiwa jikoni."

Alitazama chini kwenye njia. Wanawake walikuwa wanakuja wamejitwika kuni, tunawasikia wakizungumza. Alimtazama yule paka mwenye michirizi, akanitazama mimi. Machozi yakamlengalenga, na nadhani yalikuwa ya kweli. Alikuwa na mtoto mchanga.

"Ataniua," akasema.

"Na mimi nipo hapa nikiwa hai?"

Aliinuka. Alishuka akiwa ameshika viatu mkononi na kikapu kitupu, akawapita wale wanawake wenye kuni bila kuwaambia lolote. Nilimtazama mpaka akaingia kwenye mstari.

Wakaja wengine baada yake. Walikuja wake za wazee, wanawake niliopepeta nao, hata mke mpya wa Hatibu. Kila mmoja nilimwekea sharti lilelile, na kila mmoja alilisema vizuri kabisa ndani ya dungu, kwa sauti ya chini, akinishika mkono. Nje hakuna aliyelisema. Paka wamekua, wanashinda kwenye matuta yangu, na mahindi yangu yanaiva na mbegu zake zote. Chini wanapanda mara mbili, mara tatu. Watu wanasema nina roho mbaya kwa kuwanyima paka. Labda ninayo. Mlango wa dungu hauna kufuli, na njia ya kwenda uwanjani wanaijua.